Dunga si Ukuta Tu: Hotuba ya Kufungua Maonyesho ya Historia ya Mji Wetu

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Mheshimiwa mgeni rasmi, masheha wetu, wazee wangu wa Dunga, Bambi, Ndijani na Jendele, walimu wenzangu, na nyinyi wanafunzi mliosimama huko nyuma kwa sababu viti vimemalizwa na watu wazima: assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Nimepewa dakika 20. Aliyenipa ananijua tangu siku za skuli, na saa ameiweka mezani imenielekea mimi, kwa hivyo nitaingia moja kwa moja.

Watu wengi hupita Dunga mbio wakielekea Chwaka na Uroa kutafuta upepo na samaki. Akigeuza shingo mtu huona magofu, akasema "hapo palikuwa na jumba la mfalme", na gari imeshapita. Maonyesho haya yamewekwa ili mtu huyo ashuke. Lakini akishashuka tumwoneshe nini? Kamati imebishana sana juu ya hilo, na wengine hawajasameheana mpaka leo. Wapo waliotaka ufahari mtupu: kilemba, upanga, siwa (baragumu la kifalme), nasaba iliyoandikwa kwa wino wa dhahabu. Mimi nilishikilia jambo moja, na nalisema tena mbele yenu: kila kitu cha kifalme kina watu waliokilipia, kwa reale za fedha, kwa jasho au kwa roho zao, na watu hao nao wapewe nafasi ukutani. Mtakapozunguka ndani mtaona tumefika wapi. Hatujafika mwisho.

Tuanze na mahali, maana mtawala hajengi popote kwa bahati nasibu. Anayelima Unguja anajua kuwa kisiwa hiki kina pande mbili. Magharibi ni ardhi ya kinongo, yenye kina, inayokubali mkarafuu na mnazi. Mashariki na kusini ni maweni, ambako mkulima hutafuta udongo kwa kijiko baina ya jiwe na jiwe ili apate pa kutia mbegu. Dunga ipo kati, nusu ya njia baina ya mji na Chwaka. Sayyid Said bin Sultan, Sultani wa Oman, alipohamishia baraza lake Unguja kutoka Maskati, katika miaka ya 1830, akaamuru kila mwenye shamba apande mikarafuu mitatu kwa kila mnazi mmoja. Amri hiyo wanaisoma watoto wetu kama habari ya kilimo. Ni habari ya ardhi. Kinongo kikapata wenyewe wapya, na Wahadimu wengi, wenyeji wa kisiwa hiki, wakabaki upande wa mawe. Mwinyi Mkuu, mfalme wa Wahadimu, akajenga hapa: mgongo kwa watu wake, uso kwa mji wa Sultani. Kwenye ramani mliyoikuta mlangoni tumepaka rangi udongo, hatukupaka mipaka ya wilaya. Msiipite haraka.

Ufalme wenyewe ni wa kale kuliko kuta hizi. Katika kibla cha msikiti wa Kizimkazi Dimbani kuna maandishi ya Kikufi, mwandiko wa kale wa Kiarabu, yenye mwaka 500 wa Hijra, yaani 1107. Mwaka 1503 Mreno Ruy Lourenço Ravasco alikuja na merikebu yake, akateka majahazi, akamlazimisha mtawala wa Unguja kulipa mithkali 100 za dhahabu kila mwaka. Kwa hivyo habari ya kutozwa na aliyekuja na mizinga haikuanza na Waomani, na wala haikuishia kwao. Kizimkazi na Ravasco tumewapa ubao mmoja tu. Nafasi tuliitaka kwa ajili ya mwanamke.

Katika chumba cha kwanza mtakutana na Malkia Fatuma wa Unguja. Picha yake hakuna, na nilikataa katakata achorwe, kwa sababu angechorwa mtu na sura ya bibi harusi wa siku hizi na hapo ndipo historia ingekufa. Badala ya picha tumeweka ramani ya safari. Mumewe Abdullah alikuwa wa ukoo wa kifalme wa Utondwe, kule Mrima, pwani ya bara, karibu na Saadani. Nyumba ya malkia ilikuwa ufukweni mjini, na inaelezwa kuwa ilisimama pale ilipojengwa baadaye Beit al-Ajaib. Waomani walipoizingira Ngome ya Yesu, ya Wareno, kule Mombasa, tangu 1696 hadi 1698, Fatuma aliwapelekea Wareno chakula. Ngome ikaanguka. Waomani wakamchukua malkia wakampeleka Maskati, akakaa huko kama miaka kumi ndipo akarejeshwa Unguja. Mwanawe Hassan ndiye aliyemfuata.

Nikifundisha somo hili, darasa halikukosa kugawika. Nusu wanasema alikuwa msaliti, aliwasaidia Wareno dhidi ya Waislamu wenzake. Nusu wanasema alikuwa na ahadi na akaitimiza. Mimi nawaambia wahesabu: malkia wa kisiwa chenye majahazi ya kuvulia na kuchukulia mizigo, amekaa baina ya dola mbili zenye merikebu za vita, na kila moja inamuuliza, wewe uko na nani? Jibu lolote lina gharama. Mzao wa ukoo wake akija kukaa Dunga karne moja na nusu baadaye, swali ni lile lile, ila safari hii aulizaye amekaa mjini na anakula tende mlango wa pili.

Na huyo ndiye Muhammad bin Ahmed bin Hassan al-Alawi, Mwinyi Mkuu, ambaye wenyeji walimwita Sultan Hamadi. Baina ya Sayyid Said na Mwinyi Mkuu palikuwa na maelewano, na ndiyo moyo wa maonyesho haya. Mwinyi Mkuu aliachiwa watu wake: awahukumu, awateulie masheha, yaani wakuu wa vijiji, awaongoze katika mila zao. Kwa upande wake akusanye kodi na kuipeleka mjini, na watu wake watoe kazi inapohitajika. Kodi ikitoka kijijini inapita kwa sheha, inafika Dunga, kisha inakwenda mjini, na kila inapopita sehemu inabaki. Mwinyi Mkuu alikuwa mfalme wa Wahadimu na pia mtoza kodi wa Sultani, na ukimtazama kwa jicho moja tu utamkosa. Watumbatu walikuwa na utawala wao, na Pemba ilikuwa na madiwani wake, watawala wa kienyeji. Ya Dunga ni ya Dunga.

Kuna masimulizi mashuhuri ambayo tumeyarekodi kutoka kwa wazee, na mkivaa vile visikilizio mtayasikia kwa sauti zao. Yanasema Sayyid Said alimtia Mwinyi Mkuu kifungoni. Mvua ikakatika. Masika ya kwanza hakuna, ya pili hakuna, visima vikashuka, na miaka mitatu ikapita kisiwa kinapasuka, mpaka Sultani mwenyewe akatuma watu wamrejeshe mfungwa wake kwa heshima, ndipo mbingu zikafunguka. Tulipolileta hili kwenye kamati, mwenzangu mmoja alisema haya si historia, hatuwezi kuyaweka karibu na tarehe. Nikamwambia tuyaweke pale pale karibu na tarehe. Watu wasio na mizinga, wanaolima baina ya mawe, wanaolipa kodi kwa mtu aliyekuja kwa bahari, walikuwa wanasema kipo kitu kimoja ambacho Sultani hawezi kukitoza wala kukifunga. Ukiyatoa hayo, katika ukuta mzima halibaki neno la Mhadimu hata moja, yanabaki maneno ya maofisa na wasafiri.

Sasa jumba. Lilijengwa baina ya 1846 na 1856. Nawaomba msilitazame kama watalii, mlitazame kama mafundi. Nyumba ya mawe ya pwani inaanzia kwenye chokaa. Magogo hupangwa duara, tabaka juu ya tabaka, na juu yake hurundikwa mawe ya matumbawe, kisha hutiwa moto. Yakishaungua huachwa yakapata maji na muda, yakaoza, ndipo yakachanganywa na mchanga. Mawe ya ukuta hukatwa maweni. Boriti ni mikoko, nayo mikoko ina urefu wake, fundi hawezi kuurefusha kwa amri ya mfalme, ndiyo maana vyumba vya majumba haya huwa virefu na vyembamba: upana wa chumba ni boriti, urefu wa chumba ni uwezo wa mwenye nyumba. Mwanafunzi akilijua hilo anaweza kuingia gofu lolote, liwe Tumbatu, Mtoni au hapa, akalisoma bila ya kiongozi.

Dunga haiko baharini. Boriti zile zilibebwa. Matumbawe yalibebwa. Kuni za tanuu zilikatwa na kubebwa, na maji yalichotwa. Katika miaka ile kisiwa hiki kilikuwa na maelfu ya watumwa, na Wahadimu walikuwa na kazi za lazima juu ya kodi. Hakuna daftari lililobaki lenye majina ya waliobeba. Tumeacha ubao mmoja mweupe kabisa, mkubwa kuliko ule wa nasaba ya wafalme, na chini yake tumeandika kazi zao moja moja: mkata mawe, mchoma chokaa, mbeba boriti, mchota maji, mpishi, mlinzi wa lango. Mgeni mmoja jana alidhani tumesahau kubandika picha. Hatujasahau.

Hapo tunafika kwenye jambo ambalo nilijua wengi wenu mmekuja kulisikia. Damu. Kila mtoto wa Dunga amekulia na hadithi kuwa watumwa walichinjwa na damu yao ikachanganywa na chokaa ili ukuta ushike. Na mwanzoni mwa karne ya 20, magofu yalipokuwa yakisafishwa, ilielezwa kuwa kisima kilikutwa kimejaa nusu mifupa ya watu. Mambo haya mawili yameungana vinywani mwa watu yakawa moja, na juu yake yakapandwa mashetani, sauti za usiku, na vijana wa kuongoza wageni wanaoongeza pilipili kwa kila dola.

Mimi sitaki pilipili. Chokaa haihitaji damu ili ishike, fundi yeyote hapa atakuambia. Lakini hatukuifuta hadithi, kwa sababu watu hawasimulii hivyo juu ya mtawala waliyemwona mpole. Wazee wetu walipoutazama ukuta ule waliona vifo ndani yake, na wakarithisha walichokiona. Kwa kisima, tumeamua tofauti. Mifupa ya binadamu si kitu cha kumtishia mgeni. Ubao wa kisimani una mistari minne tu, hauna picha, na vijana wetu wa kuongoza wageni wamekubaliana wakifika pale wasiseme utani. Wakisahau, wazee wakumbusheni.

Nije kwenye siwa na ngoma. Hivi ndivyo vilivyokuwa alama za Mwinyi Mkuu, kuliko taji na kuliko kiti. Pate walikuwa na siwa ya pembe ya ndovu, Lamu ya shaba, na sisi tulikuwa na zetu. Siwa hupulizwa ubavuni, si nchani, na anayejua kuipuliza ni mtu wa kazi hiyo, haipulizi kila mwenye mapafu. Ngoma za Mwinyi Mkuu hazikupigwa ovyo. Wazee wanasimulia kuwa zilifichwa, na kwamba ziliweza kulia zenyewe kuashiria msiba au jambo kubwa. Vitu hivi vilichukuliwa na kuhifadhiwa katika makumbusho mjini. Tunawashukuru waliovihifadhi, kwani vingebaki kijijini pengine vingeliwa na mchwa au vingeuzwa kwa mpita njia. Lakini humu ndani leo mnaona picha tu, na mbele ya mgeni rasmi nitalisema hili waziwazi, kwa adabu: Dunga inaomba kuazimwa. Kwa muda, kwa maandishi, na kisanduku cha kioo na ulinzi vinavyotakiwa. Mzee wa Dunga kupanda gari kwenda mjini kulipa kiingilio akaitazame ngoma ya Dunga, hiyo nayo ni kodi iliyobakia.

Mwisho wa ufalme ulikuja upesi. Muhammad bin Ahmed alifariki 1865, akashika mwanawe Ahmed. Mwezi wa Aprili 1872 kimbunga kikapiga Unguja, kikang'oa mikarafuu na minazi kwa maelfu, na utajiri wa shamba ukahamia Pemba, ambako kimbunga hakikudhuru sana. Mwaka uliofuata Ahmed akafa kwa ndui, bila ya mtoto wa kiume wa kumrithi. Sayyid Barghash, Sultani wa wakati huo, hakumweka mwingine. Mwaka huo huo wa 1873, mwezi wa Juni, Barghash alitia saini mkataba na Waingereza wa kufunga soko la watumwa la mjini. Nimeyaweka mambo haya kwenye ubao mmoja kwa makusudi. Vitabu vingi huyatenga: soko la watumwa sura hii, Mwinyi Mkuu sura ile au tanbihi. Kwa mtu wa Dunga aliyekuwa na miaka 30 wakati ule, yote yalimpitia ndani ya miezi 15: upepo ukaangusha minazi yake, ndui ikamchukua mfalme wake, na mjini biashara ya watu ikapigwa marufuku hadharani. Jumba likaanza kuota majani.

Wengi husema hapo ufalme uliisha. Jumba ndilo lililoisha. Vijiji viliendelea na baraza zao za Watu Wanne, wazee wanne wanaokaa na kuamua habari za ardhi, mipaka na ugomvi wa watu. Mvyale, mlinzi wa mila za ardhi, aliendelea kuulizwa kabla ya kufyeka msitu. Na masheha? Masheha wamekaa hapa mbele yangu. Wa leo wanateuliwa na serikali, wana mihuri na fomu, na anayetaka kitambulisho anaanzia kwao. Lakini kazi ya kusimama baina ya kijiji na mji, ukilaumiwa na kijiji kuwa umeuzwa na mji, na mji ukikulaumu kuwa unawaficha wanakijiji, kazi hiyo ni ya Dunga ile ile. Nawaona mnacheka. Chekeni, mnaijua kuliko mimi.

Ndiyo maana ubao wa mwisho hauna mfalme. Una picha za baraza za vijiji, majembe, reale ya Maria Theresa tuliyoazimwa na familia moja ya hapa, na orodha ya maswali ambayo tunataka watoto wawaulize bibi na babu zao jioni ya leo. Nani alikuwa na kisima? Nani alifukuzwa kwenye shamba gani? Nani katika ukoo wetu alikuwa mtumwa, na nani alikuwa na watumwa? Swali hili la mwisho kuna waliotaka nilitoe. Nilikaa nao, nikawasikiliza, na tukakubaliana libaki, ila jibu lisibandikwe ukutani bila ya idhini ya mwenye ukoo. Mtu ana haki ya kujua asili yake, na pia ana haki ya kutotangaziwa barabarani.

Kuhusu magofu yenyewe nina maombi matatu, na yote ni ya dunia hii. Msipande juu ya kuta kupiga picha. Chokaa ya miaka 170 hainyeshewi na masika ikabaki kama ilivyo. Mbuzi wafungwe, mizizi na mbuzi vimekula Dunga zaidi ya miaka. Na tafadhali, jiwe la ukuta lisiende kwenye msingi wa nyumba ya mtu. Najua bei ya matofali. Hata hivyo.

Kuanzia sasa milango iko wazi. Waelekezaji wamevaa kanga za aina moja, mtawajua. Chini ya mwembe kuna meza: mwenye picha ya zamani, barua, hati ya shamba au kifaa chochote cha nyumbani alete pale, kitapigwa picha na kurejeshwa mkononi mwake hapo hapo, hakuna kitakacholala kwetu. Mzee anayetaka kusimulia, kijana mwenye kinasa sauti atamfuata alipo, hana haja ya kusimama foleni. Tutafunga kwa sala ya adhuhuri na kufungua tena saa 8. Karibuni ndani.